Toleo liko tayari lini? Jinsi masharti ya ubora wa usakinishaji wa mfumo endeshi yanavyowekwa

Programu nyingi zikitoka na kasoro, dawa yake inajulikana. Wahandisi wanarekebisha, sasisho linatumwa, na mtumiaji analipokea bila hata kujua kwamba kulikuwa na tatizo. Kisakinishi, yaani programu inayoweka mfumo endeshi kama Windows au Linux kwenye kompyuta, hakina bahati hiyo. Sasisho hupita ndani ya mfumo uliokwisha kusimama, na mtu ambaye usakinishaji umemkwamia katikati hana mfumo wa kulipokelea. Faili la ISO, yaani nakala nzima ya chombo cha usakinishaji, alilopakua mwezi uliopita, au aliloweka kwenye flashi na kumwazima mwenzake, litabaki na kasoro ile ile miaka nenda miaka rudi. Tena kisakinishi ni mojawapo ya programu chache zinazopewa ruhusa ya kufuta diski nzima. Kikikosea, kinaondoka na picha, hesabu na barua za mtu, na hapo maji yameshamwagika.

Ndiyo maana miradi makini ya mifumo endeshi huandika mapema masharti ambayo lazima yatimie kabla toleo halijatoka. Fedora, mmoja wa mifumo endeshi ya Linux, kwa mfano, huyachapisha hadharani, kigezo kwa kigezo, na mtu yeyote anaweza kuyasoma na kuyatumia kupinga toleo. Katika makala hii nitaeleza vigezo hivyo hutungwaje, kwa nini vingine huonekana vizuri kwenye karatasi na kushindwa kwenye mashine, na nani mwenye haki ya kusema "bado".

Kigezo kinachopimika

"Usakinishaji uwe rahisi na wa kuaminika." Hakuna atakayeipinga sentensi hiyo, na ubovu wake uko hapo hapo. Siku ya kuamua ikifika, aliyekitengeneza kisakinishi atasema ni rahisi, aliyekipima atasema si rahisi, na hakuna atakayeweza kumwonyesha mwenzake kwamba amekosea. Kigezo chenye maana ni kile ambacho watu wawili wasioelewana wakikaa mbele ya mashine moja watainuka na jibu moja.

Miongoni mwa vigezo vya Fedora kimo kimoja ninachokiona kuwa mfano bora. Kwa ufupi kinadai kwamba mtumiaji aweze kuchagua diski zitakazohusika na usakinishaji, na diski ambazo hakuzichagua zisiguswe kwa namna yoyote. Namna ya kukipima iko wazi. Funga diski mbili kwenye mashine. Kabla ya kuanza, kokotoa hashi ya diski ya pili, yaani namba inayotokana na kila baiti iliyomo. Sakinisha mfumo kwenye diski ya kwanza, zima mashine, kisha kokotoa hashi ile tena ukiwa umewasha kompyuta kwa chombo kisichoandika chochote. Namba zikifanana, kigezo kimetimia. Zikitofautiana, hakijatimia.

Kinaonekana chepesi mpaka uanze kukipima. Kisakinishi kikitafuta mifumo mingine iliyopo kwenye kompyuta, kinaweza kufungua sehemu za diski ya pili ili kusoma kilichomo. Kama sehemu hiyo ina mfumo wa faili (utaratibu wa kupanga data kwenye diski) wa ext4 ambao haukufungwa vizuri mara ya mwisho, tendo la kuifungua tu, hata kwa nia ya kusoma, huweza kumalizia kuandika yale yaliyokuwa yakisubiri kwenye jarida lake. Diski imeshaandikwa. Au diski ya pili ina sehemu ya swopu, na kisakinishi kikaichukua kama kumbukumbu ya ziada kwa muda. Ikiwa mwenye kompyuta alikuwa ameilaza mashine yake na hali yote ya kazi zake imehifadhiwa humo, basi kazi hizo zimekwenda. Hakuna aliyebonyeza kitufe cha kufuta, wala hakuna mhandisi aliyekusudia kuharibu kitu. Kigezo kingedai tu kwamba diski nyingine zisifutwe, makosa yote mawili yangepita salama na kumfikia mtumiaji.

Angalia pia kwamba kigezo hicho hakisemi lolote kuhusu msimbo wala maktaba iliyotumika. Kimeandikwa kutoka upande wa mtu aliyekaa mbele ya skrini. Kanuni hii ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu visakinishi hubadilishwa na kuandikwa upya, na kigezo kilichofungamanishwa na msimbo wa zamani hufa pamoja nao.

Kila kigezo na wakati wake

Fedora hugawa vigezo vyake katika ngazi tatu: vya msingi, vya Beta (toleo la majaribio linalotangulia) na vya toleo la mwisho. Zamani kulikuwa pia na toleo la Alfa lililotangazwa kwa watu wote, lakini liliachwa kuanzia Fedora 27, na yale yaliyokuwa masharti yake yakawa vigezo vya msingi.

Ngazi ya msingi inadai mambo ambayo bila hayo hakuna hata cha kujaribu. Mashine iwake kwa kutumia chombo cha usakinishaji, kazi ifike mwisho, na njia inayofanya kazi ya kuunda akaunti ya mtumiaji ioneshwe wazi, ama wakati wa kusakinisha ama mfumo unapowaka kwa mara ya kwanza. Beta inaongeza ugumu. Hapo kisakinishi kinatakiwa, pamoja na mengine, kukataa mpangilio wa diski usiowezekana bila chenyewe kuanguka. Toleo la mwisho ndilo linalobeba madai mazito zaidi, na mojawapo ni kusakinisha kwenye nafasi iliyo wazi pembeni ya Windows, kisha mtumiaji aweze kuwasha mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Kigezo hicho cha Windows kina kikomo cha makusudi: kinahusu Windows iliyosakinishwa safi. Wapo wanaokiona kikomo hiki kama njia ya kukwepa wajibu. Mimi nakiona kuwa uaminifu. Windows iliyokwisha kutumika inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows yenyewe, au imezimwa kwa ule uwashaji wa haraka unaoacha mfumo wa faili ukiwa nusu wazi, au mtengenezaji wa kompyuta ameipanga kwa namna yake. Mradi ukiahidi kwamba kila hali hiyo itafanya kazi, umeahidi usichoweza kukipima, na ahadi ya namna hiyo huvunjwa kimya kimya. Bora ahadi nyembamba inayosimama. Walio nje ya mpaka wake waambiwe hivyo kwenye maelezo ya toleo, mapema, kabla hawajaanza kugawa diski.

Debian, mfumo mwingine wa Linux, inashika njia nyingine. Badala ya kuegemea orodha ndefu ya vigezo vya kisakinishi, inapima uzito wa kasoro. Daraja tatu za juu huhesabiwa kuwa kasoro zinazozuia toleo: ya kwanza ni zile zinazovunja mfumo mzima au programu nyingine zisizohusika, zinazosababisha upotevu mkubwa wa data au zinazofungua mwanya wa usalama, ya pili ni zile zinazoifanya programu yenyewe isitumike, na ya tatu ni ukiukaji mkubwa wa sera ya mradi. Debian haitoi toleo kwa sababu tarehe imefika, bali hulitoa linapokuwa tayari, na kisakinishi chake kina timu yake na matoleo yake ya majaribio.

Kisa kimoja cha Debian kinaonyesha jambo ambalo vigezo peke yake haviwezi kulitatua. Kwa miaka mingi ISO zake rasmi hazikubeba fimwea isiyo huria, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa ambazo msimbo wake haukufunguliwa kwa watu wote. Mwenye kompyuta mpakato ambayo Wi-Fi yake inahitaji fimwea hiyo alifika kwenye hatua ya mtandao na kukwama, ilhali kisakinishi kilikuwa kikifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Kasoro haikuwepo kwa maana ya kiufundi. Mpimaji angeweza kuandika "kimepita" kwa dhamiri safi kabisa. Kilichotakiwa kubadilika kilikuwa sera, na ilibidi wanachama wapige kura mwaka 2022. Kuanzia Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, fimwea hiyo imo ndani ya ISO rasmi. Timu inayotunga vigezo vya ubora inapaswa kuwa na ujasiri wa kusema: hapa hatuna hitilafu ya kurekebisha, tuna uamuzi wa kufanya.

Kasoro hukaa kwenye maungio

Ukipima kila hatua ya usakinishaji peke yake, nyingi zitapita. Kasoro zinazoumiza watu hujificha pale hatua moja inapokabidhi kazi kwa nyingine, hasa kati ya usakinishaji na usanidi wa mara ya kwanza.

Mfano wa kibodi unatosha kulieleza hili. Mtu anachagua kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi A na Q zimebadilishana nafasi ikilinganishwa na ya Kiingereza. Anachagua diski isimbwe, yaani isisomeke bila nenosiri, anaandika nenosiri lenye herufi A, kisakinishi kinalipokea. Usakinishaji unakwisha bila kosa hata moja. Kompyuta inawaka upya na kuomba nenosiri la diski. Sasa hatua hii hufanyika mapema mno, kabla mfumo wenyewe haujafunguka, ndani ya mfumo mdogo wa awali uliofungashwa pamoja na kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Kama mpangilio wa kibodi haukuingizwa humo, mashine inasoma vitufe kwa mpangilio wa Kiingereza. Mtumiaji anabonyeza pale pale alipobonyeza mwanzo, na mashine inasikia Q. Nenosiri linakataliwa. Anarudia polepole, linakataliwa tena. Herufi hazionekani kwenye skrini, kwa hiyo hana njia ya kujua kosa liko wapi, na hatimaye anaamini kwamba yeye ndiye aliyesahau.

Aliyepima uchaguzi wa kibodi alipata jibu zuri, na aliyepima usimbaji alipata jibu zuri pia. Kilichokosekana ni kigezo kinachovuka ungio: *nenosiri la diski lililoandikwa wakati wa usakinishaji kwa kibodi iliyochaguliwa lifungue diski mfumo unapowaka, kwa kubonyeza vitufe vile vile.* Maneno "vitufe vile vile" hayafai kuachwa, maana ndiyo yanayomlazimu mpimaji kuacha nenosiri la tarakimu tupu au la herufi zinazokaa mahali pamoja kwenye kila kibodi.

Saa nayo ina mkasa wa aina hiyo. Windows kwa kawaida huiacha saa ya kompyuta kwenye saa za mahali, mifumo ya Linux huiweka kwenye saa za dunia, na mwenye mifumo yote miwili hukuta mmoja unamdanganya. Akaunti pia: kisakinishi kikidhani kwamba programu ya mara ya kwanza itaunda akaunti, na programu hiyo ikidhani kisakinishi kimeshaiunda, mtu anafika kwenye skrini ya kuingia isiyo na jina la kuingilia. Kile kigezo cha msingi cha Fedora nilichokitaja juu kinaziba mwanya huu hasa, kwa sababu kinadai matokeo bila kujali ni sehemu gani ya mfumo inayoyaleta.

Hesabu inayokataa kumalizika

Vigezo vikishaandikwa vizuri, linakuja tatizo la wingi. Tuseme tunapima BIOS na UEFI (programu ya zamani na mpya za kuiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi), njia 3 za kuwasha kisakinishi, namna 4 za kugawa diski, na usimbaji ukiwepo au usipokuwepo. Hapo tayari kuna michanganyiko 48. Ongeza lugha 40 za kiolesura na umefika 1,920, kabla hujagusa aina za diski au kadi za picha. Hakuna timu inayoweza kuipitia yote kwa mkono kila toleo jipya la kujaribiwa linapotengenezwa.

Msaada mkubwa umetoka kwa openQA, chombo kilichozaliwa kwenye mradi wa openSUSE na ambacho Fedora nayo inakitumia. Kinawasha mashine pepe, kinaangalia skrini kama mtu, kinalinganisha sehemu zake na picha za rejea, kinabonyeza na kuandika mpaka mfumo usimame. Kinaweza kurudia kazi hiyo usiku kucha bila kuchoka wala kuruka hatua. Lakini mashine pepe ina vifaa vya kufikirika, na madhara mabaya zaidi katika historia ya usakinishaji yametokea kwenye vifaa halisi. Mwaka 2003, Mandrake Linux 9.2 iliharibu baadhi ya viendeshi vya CD vya LG. Kerneli yake ilituma amri ya kawaida ya kumalizia uandishi, na viendeshi hivyo viliipokea kama amri ya kupakia fimwea mpya. Desemba 2017, Ubuntu iliondoa kiungo cha kupakua toleo la 17.10 lililokuwa limetoka Oktoba, baada ya draiva moja ya kerneli kugundulika kwamba inaharibu mipangilio ya BIOS katika kompyuta mpakato za Lenovo na chapa nyingine chache. Baadhi ya mashine hazikuweza tena kuhifadhi mipangilio wala kuwaka kwa flashi, maana yake zilipoteza hata njia ya kusakinisha mfumo mwingine. ISO zilizorekebishwa zilitoka Januari 2018.

Kwa hiyo kazi inagawanywa: mashine zipime yanayojirudia, na watu wenye kompyuta za kila namna wapewe Beta mapema ili wapime yasiyotabirika. Beta inayotoka siku chache kabla ya toleo la mwisho haiwezi kuifanya kazi hiyo, hata kama kila kigezo chake kimetimia.

Hata maneno ya kwenye skrini ni sehemu ya toleo. Oktoba 2023, saa chache baada ya Ubuntu 23.10 kutoka, ISO zake za kompyuta za mezani ziliondolewa kwa sababu kisakinishi kilikuwa na tafsiri za Kiukreni zenye matusi ya chuki, zilizopenyezwa na mtu wa nje. Programu ilifanya kazi sawasawa. Hakuna kipimo cha kubonyeza vitufe ambacho kingeligundua hilo. Panahitajika msomaji wa kila lugha, au kanuni ya kutopokea tafsiri ambayo haijapitiwa na mtu mwingine.

Nani anasema "bado"

Kigezo kisichoweza kuzuia toleo ni pambo. Kwenye Fedora mtu yeyote anaweza kupendekeza kwamba kasoro fulani izuie toleo, lakini anatakiwa ataje kigezo kilichovunjwa. Kikao cha wazi huijadili: ikubaliwe, ikataliwe, au iwekwe kwenye kapu la tatu, la kasoro zisizozuia ila zinazoruhusiwa kurekebishwa hata baada ya mabadiliko mengine kufungwa. Mwishoni hufanyika kikao cha uamuzi kati ya upande wa ubora, upande wa utoaji na upande wa uhandisi. Ikibaki kasoro moja iliyokubaliwa kuwa zuizi, toleo husogezwa mbele. Upo mlango mdogo kwa kasoro zilizogunduliwa dakika za mwisho au zisizorekebishika kwa muda unaofaa, lakini ni lazima upitiwe hadharani na kwa sababu zilizoandikwa.

Gharama yake si ndogo. Fedora 18, iliyokuja na kiolesura kipya kabisa cha kisakinishi chake Anaconda, ilipangwa kutoka mapema Novemba 2012 na ikatoka tarehe 15 Januari 2013. Fedora 37 nayo ilisogezwa hadi tarehe 15 Novemba 2022, baada ya mradi wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, kutangaza kwamba kuna mwanya mkubwa wa usalama ambao rekebisho lake lilikuwa njiani. Kwa programu ya kawaida wangeweza kutoa tu na kusasisha baadaye. Lakini toleo lenye mwanya lingekuwa limeganda ndani ya ISO kwa maisha yake yote.

Sehemu inayohitaji busara kuliko zote ni kasoro inayowapata watu wachache. Vikao vingi hujaribu kukadiria wangapi wataguswa, na kwa kitufe kilichokaa vibaya hesabu hiyo inafaa. Kwa upotevu wa data siikubali. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusitisha usambazaji wa sasisho la Windows 10 la toleo la 1809 kwa sababu lilifuta faili za baadhi ya watumiaji waliokuwa wamehamisha folda zao, na likarudi tarehe 13 Novemba. Taarifa za tatizo hilo zilikuwa zimewasilishwa na wajaribu kabla ya kutolewa, lakini zilikuwa chache na zikazama kati ya nyingi. Baadaye kampuni iliongeza kwenye chombo chake cha maoni mahali pa kueleza uzito wa tatizo. Hapo ndipo kigezo kilichoandikwa mapema kinapookoa: kinaipa taarifa moja tu ya faili kufutwa nguvu ile ile ya taarifa elfu moja.

Bado kuna kazi isiyopendwa, ya kuondoa vigezo. Kila kigezo kinadai mpimaji na mashine yake kwa kila toleo, na kile kisichopimwa tena ni uongo uliochapishwa. Mwaka 2022 Fedora ilijadili pendekezo la kuanza kuachana na kompyuta zinazowaka kwa BIOS ya zamani, na mjadala ulikuwa mkali, kwani watu walikuwa bado na mashine nzima wanazozitegemea, na baadhi ya wauzaji wa seva pepe walikuwa bado wanatumia BIOS. Pendekezo halikupita. Mazungumzo yakahamia kwenye swali la nani ataibeba kazi hiyo, na likaja wazo la kundi la waliotaka BIOS ibaki, kundi ambalo lingezipima mashine hizo na kurekebisha kasoro zake.